Baiskeli Chotara ni Mali ya Nyumba Nzima

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi ambao kazi zenu haziulizi kama kumekucha au kumekuchwa, leo napenda tuzungumze juu ya chombo ambacho sote tunakiona kila siku, lakini ni wachache wanaokijua vema. Chombo hicho ni baiskeli. Siisemi ile baiskeli nyeusi ya chuma kizito iliyobeba ndizi na magunia ya wazee wetu, ingawa heshima yake haijapungua. Naisema ile ya namna mpya kidogo, yenye gia nyingi, usukani ulionyooka na magurudumu makubwa yasiyo manene sana. Mimi huiita baiskeli chotara.

Naiita hivyo kwa sababu ina asili mbili. Kwa upande mmoja ni mtoto wa baiskeli ya mashindano, ile nyepesi ikimbiayo juu ya lami. Kwa upande wa pili ni mtoto wa baiskeli ya milimani, iliyoanza kuundwa huko California, Marekani, katika miaka ya 1970, yenye tairi nene na breki kali. Katika miaka ya 1980 viwanda viliziunganisha mbili hizo. Kutoka upande wa kwanza chotara ikarithi magurudumu makubwa yaendayo upesi. Kutoka upande wa pili ikarithi usukani ulionyooka na gia za kupandia vilima. Mpandaji wake hukaa karibu wima, akaona mbele na pembeni, wala hainami kama mpiga mbio.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilisomea ualimu nikapata cheti, kisha nikapangiwa kazi ya ofisini. Lakini tabia ya mwalimu ya kutaka kila jambo lifuate hatua zake haijanitoka. Naishi Kajaga, kaskazini-magharibi mwa Bujumbura, kando ya barabara iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo. Kutoka kwangu hadi kazini ni mwendo usiofika kilomita kumi na tano, na nchi yote ni tambarare. Ukitoka uani kwetu unakanyaga mchanga wa ziwa. Ukisonga mbele unaikuta lami. Tairi nyembamba huzama katika mchanga ule, na tairi nene ya milimani huburuta mwendo kwenye lami. Tairi ya chotara, yenye unene wa milimita 35 hadi 42, hufaa pande zote mbili.

Mnakumbuka jinsi mafuta ya magari yalivyoadimika nchini katika miaka iliyofuata 2021. Mabasi yalipungua, magari yakalala foleni vituoni usiku kucha, na mtumishi akaamka alfajiri ili afike kazini kwa miguu. Wakati ule nyumba yetu ilikuwa na akiba ndogo, nayo ilikuwa na kazi yake tayari: kuinua sakafu ya jiko, kwa kuwa maji ya ziwa Tanganyika yalikuwa yamepanda na kuwatia hofu watu wote wa pwani hii. Nilipoomba tuitumie akiba ile kununua baiskeli, mama watoto hakukataa wala hakukubali upesi. Alifikiri siku mbili, kisha akanipa masharti matatu. La kwanza, baiskeli iwe ya nyumba, si ya baba peke yake, na hati zake zikae sandukuni pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. La pili, isilale nje hata usiku mmoja. La tatu, giza lisinikute barabarani bila taa.

Nimeyatafakari masharti hayo tangu siku ile, nikaona kuwa yana elimu yote ya baiskeli ndani yake: kuimiliki, kuihifadhi na kuipanda. Nitayafuata hayo hayo katika maelezo yangu.

KUINUNUA

Chotara nyingi tunazozipata huku ni mitumba kutoka Ulaya. Mtumba si aibu, ila unataka macho. Usinunue jioni, usinunue peke yako, na usinunue bila maandishi. Nenda na fundi unayemwamini. Bujumbura mafundi hawakosekani, na Buyenzi wapo waliozeekea kazi hiyo. Ujira mdogo utakaompa fundi kwa saa moja utakuepusha na hasara ya mwaka mzima.

Kwanza angalia kimo. Simama wima huku umeipanga baiskeli katikati ya miguu yako. Kati ya bomba la juu na mwili wako pabaki nafasi ya sentimita tatu hadi tano. Kisha panda, ushikwe, uweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Ukiikanyaga sasa pedali kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo pahali pake. Watu wengi hukaa chini mno, wakalaumu baiskeli kwa maumivu ya magoti ambayo yametokana na kiti.

Pili, geuza baiskeli miguu juu, uzungushe kila gurudumu ukitazama pale rimu inapopita kati ya breki. Ikiyumba kidogo, fundi ataikaza kwa spoki. Ikipanda na kushuka kama kilima, iache. Pitisha kidole kwenye viungo vyote vya fremu, hasa nyuma ya usukani na chini ya kiti. Rangi iliyopasuka kama unywele huenda ikaficha ufa wa chuma, na rangi mpya mahali pamoja tu ni jambo la kuuliza.

Tatu, soma tarakimu zilizo ubavuni mwa tairi. Jambo hili hupuuzwa na wengi, nalo ndilo linalowapotezea fedha. Utaona maandishi kama 40-622. Tarakimu ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Chotara zilizo nyingi ni 622. Zile baiskeli nyeusi za zamani, za inchi 28 kwa moja na nusu, ni 635. Za milimani za inchi 26 ni 559. Muuzaji aweza kukuambia kwa moyo mweupe kwamba yako na ile nyeusi zote ni "ishirini na nane". Tofauti ya milimita 13 haionekani kwa macho dukani, lakini tairi la 635 litapwaya juu ya rimu ya 622, na safari yako itaishia mtaroni. Jifunze tarakimu yako kama unavyojua namba ya kiatu chako. Lipo pia jambo la kufurahisha: tairi za milimani ziitwazo za inchi 29 nazo ni 622, na zitakufaa mradi unene wake upite katika uma bila kugusa.

Nne, tazama mdomo wa kuingizia upepo. Baiskeli zetu za zamani zina mdomo wao, magari yana wake, na chotara nyingi za Ulaya zina mdomo mwembamba ambao ncha yake hufunguliwa kwa vidole kabla ya kujaza. Pampu ya jirani huenda isiushike. Kipo kifuniko kidogo cha shaba kinachogeuza mdomo huo uwe kama wa gari. Kinunue siku ile ile na kukifunga pamoja na funguo zako.

Tano, jua breki zako kabla hujazihitaji. Katika baiskeli zitokazo bara la Ulaya, aghalabu mkono wa kushoto hushika breki ya mbele. Katika zile zilizofuata desturi ya Kiingereza, kama zilivyo nyingi za Tanzania na Kenya, ya mbele ni ya mkono wa kulia. Ukiibana ya mbele ghafla ukidhani ni ya nyuma, baiskeli yaweza kukurusha juu ya usukani. Jaribu taratibu uani kwanza.

Mwisho, usiitwike chotara mzigo usio wake. Keria nyingi za Ulaya zimeandikwa kilo 25, wala herufi hizo si pambo. Ndoo ya mafuta ya kula, mchele wa wiki, mkoba wa ofisi, hayo itayabeba. Gunia la makaa au mtu mzima wa kukaa nyuma, hapana. Spoki zitaanza kukatika moja moja, nawe utadhani umerogwa. Kazi hiyo ni ya ile nyeusi, tena ni bingwa wake.

DAFTARI NA KUFULI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila baiskeli ina namba iliyogongwa katika fremu, mara nyingi chini ya mhimili wa pedali. Ipangusie grisi, uinakili katika karatasi mbili pamoja na rangi, jina la kiwanda, tarakimu za tairi na alama yoyote ya pekee. Piga picha kwa simu, ukionekana wewe na baiskeli yako. Mwambie muuzaji aandike hati ya mauzo yenye tarehe, bei, namba ya fremu na sahihi yake, na ashuhudie mtu wa tatu. Karatasi moja ikae sandukuni, ya pili ikae kwa ndugu.

Ninyi askari polisi mnajua kuliko mimi jinsi ilivyo vigumu kumrudishia mtu baiskeli iliyokamatwa ikiwa hawezi kueleza ila kwamba "ilikuwa ya bluu". Na asiyetaka hati wakati wa kununua huenda, bila kujua, anamlipa mwizi wa jirani yake.

Sasa kufuli. Jirani yangu mmoja, askari mstaafu na mtu makini, alifunga baiskeli yake mbele ya duka kwa kuupitisha mnyororo katika gurudumu la mbele na nguzo. Aliporudi alikuta gurudumu limefungwa salama kabisa kwenye nguzo, na baiskeli haipo. Chotara nyingi zina kishikizo cha kufungulia gurudumu kwa mkono mtupu bila spana, na mwizi anakijua. Kwa hiyo kufuli ipite katika fremu, gurudumu la nyuma na kitu kilichochimbiwa ardhini, kwa pamoja. Gurudumu la nyuma ndilo lenye gia, nalo ni ghali kuliko la mbele. Ukiwa na mnyororo wa pili, funga la mbele nalo. La sivyo ling'oe, uliweke kando ya la nyuma, na kuyafunga yote mawili.

Chagua kufuli la chuma kigumu lenye umbo la kwato, au mnyororo mnene. Waya mwembamba uliovikwa plastiki hukatwa kwa koleo kama uzi. Wafaa tu kuzuia mkono wa mtoto. Usiache kufuli ikilala chini, maana juu ya sakafu ndipo nyundo ipatapo nguvu. Iwe juu, imebanwa, tundu la ufunguo likitazama chini ili mvua na mchanga visiingie. Hakikisha pia kwamba kile ulichokifungia hakiwezi kung'olewa wala kuvushwa kwa juu. Mti mchanga si nguzo.

Kazini, omba ruhusa uiweke mahali ambapo mlinzi anapita. Ondoka na taa na pampu mfukoni. Usiku iingie ndani, hata kama nyumba ni ndogo. Kwetu inasimama nyuma ya mlango wa sebule, na mnyororo umepita katika pete iliyotiwa ukutani kwa saruji. Watoto waliizoea kama walivyoizoea kabati.

Niliposema baiskeli ni ya nyumba, sikusema kwa maneno tu. Bomba la kiti cha chotara hupandishwa na kushushwa kwa urahisi. Tumelitia alama mbili za rangi: nyekundu kwa kimo changu, nyeupe kwa kimo cha mama watoto. Siku nisipokwenda kazini, yeye huishusha hadi nyeupe na kwenda sokoni au zahanati bila kumngoja mtu. Anayetaka kupanda akiwa amevaa kitenge atafute fremu isiyo na bomba la juu, yenye kifuniko cha mnyororo. Baba anayeificha baiskeli ya nyumba ili asipande mkewe au binti yake amenunua chombo kimoja akakitumia nusu.

KUITUNZA

Majeshi yalitambua zamani kuwa baiskeli haili majani wala hainywi petroli, ila inataka nidhamu. Jeshi la Uswisi lilikuwa na vikosi vya baiskeli kuanzia mwaka 1891 hadi 2003, na baiskeli yao ya mwaka 1905 ilitumika kwa karibu miaka 90 bila mabadiliko makubwa. Huko Vietnam, mwaka 1954, wachukuzi walisukuma baiskeli zilizoimarishwa kwa mianzi na mbao, nyingine zikiwa na mzigo wa zaidi ya kilo 200, kuelekea vita vya Dien Bien Phu. Askari anayesafisha bunduki yake kila siku hana haja ya kufundishwa maana ya matunzo. Abadilishe kitambaa tu.

Kila asubuhi kabla ya kutoka, nafanya mambo matatu yasiyozidi dakika mbili. Nabonyeza tairi kwa kidole gumba. Nabana breki zote mbili huku naisukuma baiskeli mbele. Naitazama minofu ya usukani na vishikizo vya magurudumu kama vimekaza. Upepo wa tairi za chotara kwa kawaida ni pauni 50 hadi 70 kwa inchi ya mraba, lakini bora ni kusoma ubavuni mwa tairi lako. Lililolegea hupigwa na mawe likapata pancha mbili kwa pamoja, na humchosha mpandaji bure.

Kila Jumamosi, baada ya kazi za maendeleo, ni siku ya mnyororo. Mchanga wa Kajaga ni adui mkubwa kuliko mvua. Ukiumwagia mnyororo mafuta juu ya mchanga, umetengeneza msasa utakaokula meno ya gia. Ufute kwanza kwa kitambaa kikavu mpaka uone chuma, halafu tia tone moja la mafuta mepesi juu ya kila pini. Zungusha pedali nyuma, subiri kidogo, kisha futa yote yaliyobaki nje. Mafuta machafu yaliyotolewa katika injini usiyatumie, maana yamebeba vumbi la chuma. Wala tone lisiguse rimu, kwa kuwa hapo breki itateleza siku ya hatari.

Mnyororo hurefuka kwa kuchakaa. Upime kwa rula: kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya ishirini na nne baada yake ni inchi 12 kamili ukiwa mpya. Ukizidi kwa nane ya inchi, umekwisha, na kila siku unayouchelewesha unakula gia ambazo bei yake ni mara nyingi ya mnyororo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kila mwezi gonga spoki kwa kijiti, usikilize. Zilizokaza hulia karibu sauti moja, na iliyolegea huguna. Ukitaka kufungua pedali, kumbuka kuwa ya kulia hufunguka kama parafujo zote, lakini ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Vijana wengi wameharibu mkono wa pedali kwa kuikazia wakidhani wanaifungua.

Tena, sisi wa pwani ya ziwa tuna somo letu. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika na kuwatoa maelfu ya watu makwao Gatumba, na mwaka 2024 ziwa lilipanda tena likaingia katika nyumba na barabara. Maji yakifika usawa wa mihimili ya magurudumu, shuka. Usiipitishe baiskeli ndani yake ikiwa kuna njia nyingine. Maji huosha grisi iliyo katika gololi na kuacha mchanga badala yake. Ikilazimika, ibebe begani, kwa kuwa chotara si nzito. Ikiwa imezama, mpelekee fundi afungue mihimili, aioshe na kutia grisi mpya ndani ya siku chache, kabla kutu haijafanya makao. Nje ya hayo, maji yanayosimama huficha mashimo, na mtu haoni anakokanyaga.

Mkobani mwangu hamkosi tyubu moja, viraka na gundi, vijiti viwili vya kung'olea tairi, pampu ndogo na spana za pembe sita. Ukipata pancha, usikimbilie kuziba tu. Pitisha vidole taratibu ndani ya tairi, utafute mwiba au kipande cha waya kilichobaki. Asiyetafuta chanzo huziba mara mbili.

BARABARANI

Burundi twaendesha kulia. Nalisema hili kwa sababu ndugu zetu wengi walikulia na kujifunza baiskeli Tanzania, ambako huendeshwa kushoto, wakarudi nchini wakiwa watu wazima. Mtu akishtuka, mwili hurudia mafunzo ya kwanza. Yafaa afanye mazoezi katika njia za ndani kwa siku kadhaa, hasa namna ya kukata kona ya kushoto: kutazama nyuma, kunyosha mkono, kungoja nafasi, ndipo kukata.

Barabara ya Gatumba hupita malori makubwa yaendayo Kongo. Usijibanze ukingoni kabisa ambako lami imeliwa na mchanga umeteleza, maana ukiyumba utaangukia upande wa gari. Shika mstari mmoja ulionyooka, hatua moja kutoka ukingoni, usiyumbeyumbe kukwepa kila kokoto. Lori likisimama, usipite upande wake wa kulia. Dereva hakuoni, naye akikata kona gurudumu la nyuma hupita ndani zaidi kuliko la mbele.

Kushikilia lori ili likuvute ni kucheza na kaburi. Sote tunawajua vijana wanaoteremsha ndizi na makaa kutoka Bugarama, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi Bujumbura ulioko kwenye mita 770 na ushei, kisha hupanda tena wakiwa wameng'ang'ania nyuma ya malori. Ushujaa wao hauna shaka, na umaskini unaowasukuma hauna shaka pia. Lakini mtu mwenye mshahara na watoto hana udhuru wa kuwaiga. Mkono ukichoka, au lori likifunga breki, hakuna gia itakayomwokoa.

Gia ni za kumpunguzia mtu kazi, basi zitumike mapema. Badilisha kabla ya kufika kilimani, miguu ikiwa bado inazunguka kwa wepesi. Ukibadilisha huku unakanyaga kwa nguvu zote, mnyororo hulia na kuruka. Usiunganishe duara kubwa la mbele na duara kubwa la nyuma, wala dogo na dogo, kwa maana mnyororo huenda kombo na kuchakaa upesi. Kwenye mchanga, chagua gia nyepesi kabla hujaingia, legeza mikono, endelea kukanyaga bila kusita, na usiguse breki ya mbele. Kwenye lami kavu bana breki zote mbili pamoja, ukijua kuwa ya mbele ndiyo isimamishayo zaidi.

Juu ya taa nitasema kwa mkazo. Mwanakijiji mwenzetu mmoja aligongwa na gari kutoka nyuma saa moja jioni, muda ambao kwetu giza huingia kama pazia. Alikuwa upande wake wa barabara, hakulewa, hakukosa lolote ila taa. Dereva alisema hakumwona, na walioona wakasema ni kweli. Alipona, lakini mguu wake mmoja hauwezi tena kazi ya shamba, na mkewe ndiye anayelima peke yake. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, kioo cha kurudisha mwanga katika kila gurudumu, na utepe mweupe katika mkoba: gharama ya vyote haifikii gharama ya siku mbili hospitalini. Askari arudiye kutoka lindoni akiwa na sare ya rangi ya majani ajue kwamba sare hiyo imetengenezwa ili asionekane. Avae juu yake kitu kinachong'aa. Na kichwani aweke kofia ngumu, iliyokaza chini ya kidevu.

Karibu na ziwa na mto Rusizi kuna jambo jingine, nalo ni viboko. Nasema mnyama, si fimbo ya mwalimu. Jioni hutoka majini kula majani, na hawapendi kukuta mtu amesimama kati yao na maji. Ukimwona mbele yako, simama mbali, geuza taratibu, pita njia nyingine au ngoja. Usijaribu kumpita kwa mbio, kwani kwa mwili wake ule humshinda mtu kwa kasi.

Mwisho wa safari, jua sheria ya mji. Mwezi Machi 2022 serikali iliziondoa pikipiki, bajaji na baiskeli katikati ya Bujumbura. Kabla ya kuelekea huko, muulize askari wa usalama barabarani ni mitaa ipi unaruhusiwa kuingia, uiache baiskeli mahali salama, na kumalizia kwa miguu. Mtu mwenye sare anayevunja sheria hiyo mbele ya watoto amewafundisha somo ambalo mwalimu hataweza kulifuta ubaoni.

Ndugu wasomaji, hesabu yangu ni fupi. Baiskeli iliyoandikwa daftarini, iliyofungwa fremu na gurudumu, iliyofutwa mnyororo kila Jumamosi na kuwashwa taa kabla ya jua kuzama, itamtumikia mwenyewe miaka mingi na kumwachia mtoto wake. Iliyokosa moja ya hayo ni deni linalongoja siku yake. Basi leo jioni, kabla ya chakula, igeuzeni baiskeli yenu miguu juu, mtoto mkubwa ashike taa na mama ashike kalamu. Itafuteni ile namba chini ya pedali, muiandike.